Mjomba Aliyeleta Mfupa

Mwaka ule kisima kilipokauka, Bi Sungura alilazimika kwenda kutafuta maji ng'ambo ya kilima. Kabla ya kuondoka alimweka mwanawe, Kitungule, ndani ya shimo lao, akamwonyesha kata ya kifuu ya kuchotea maji.

"Nikimtuma mtu akufuate, nitampa kata hii. Asiye nayo usitoke naye, hata akilijua jina lako. Akikung'ang'ania, piga mguu chini majirani wasikie."

Jua halijapanda sana, Fisi akasimama mlangoni pa shimo, amekumbatia kifurushi cha majani.

"Hodi, Kitungule. Mama yako ameteguka mguu, amenituma nikupeleke kwake. Mimi ni mjomba wako."

Akilini Kitungule alimwona mama yake amelala juani peke yake. Hata hivyo alirudi nyuma, mbali na mlango.

"Shikamoo, mjomba. Mbona hufanani na mama?"

"Marahaba. Kiangazi kimenibadilisha."

"Kata iko wapi?"

"Tumeisahau kwa haraka. Ila amekuletea chakula unachokipenda. Toka ule, wala usimwambie mtu."

Fisi akafungua majani. Ndani mlikuwa na mfupa. Fisi, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba yupo kiumbe asiyependa mfupa, alimeza mate.

Kitungule hakubishana. Akapiga mguu chini. Shimo la jirani likaitika, na la pili yake, mpaka kilima kizima kikavuma. Simba, ambaye kwa majivuno hakuwahi kujishusha kula windo dogo kama sungura, akatoka pangoni.

"Nani ameruhusu ngoma katika usingizi wangu?"

"Ni mambo ya kifamilia, Mtukufu," Fisi akasema. "Nimemfuata mpwa wangu."

"Simjui," Kitungule akasema kutoka ndani. "Anataka niondoke naye kwa siri. Amenihonga mfupa."

Simba akautazama mfupa kwa makini. "Huo ni wa kiporo changu cha jana."

Fisi alieleza kwamba ameuokota. Alieleza huku akikimbia, na Simba alimsikiliza kwa karibu sana. Tangu siku ile Fisi hutembea kiuno kimeinama.

Jioni sauti ya Bi Sungura ikasikika mlangoni.

"Mwanangu, nimerudi. Toka."

"Kata kwanza, mama."

Bi Sungura, aliyekuwa amechoka kwa safari, aliipitisha kata ndani, imejaa maji, wala hakununa. Kitungule akanywa yote, ndipo akatoka kumkumbatia.