Kwa Nini Mwenye Hadithi Huonyesha Viganja Kwanza

Hapo kale, na kale ninayoisema hata nyanya yake nyanya yangu aliipokea kwa masikio tu, nchi hii ya Isangwe ilikuwa na hadithi nyingi kuliko watu. Kila kazi ilikuwa na zake, na kila hadithi ilifanana na kazi iliyoizaa. Wahunzi walisimulia kwa maneno mafupi, maana anayesukuma mivukuto hana pumzi ya kupamba. Alisema neno, akasukuma, akasema jingine. Warina asali walinong'ona, na katika hadithi zao hakuna aliyepiga kelele akasalimika. Wachemsha chumvi walishinda kutwa wakikoroga maji yasiyotaka kukauka, kwa hiyo hadithi zao zilizunguka, zikarudi palepale, zikazunguka tena. Ukiwauliza mwisho uko wapi, wanakupa mwiko ukoroge.

Na sisi wafinyanzi je? Hadithi zetu zilikuwa na kungoja. Chungu kimekwisha kufinyangwa, kimewekwa kivulini, halafu msimulizi anaanza kuhesabu. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Hivyo hivyo mpaka ya tisa, ndipo kuni zinatajwa. Watoto walipiga miayo. Wageni waliaga katika siku ya nne wakaenda zao. Wafinyanzi hawakuruka hata siku moja, wala hawakueleza kwa nini. Hilo lilikuwa kosa lao, na nalisema waziwazi ingawa ni bibi zangu. Walidhani kila mtu anajua.

Basi akatawala Mtemi Lubeja. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutaka kutajwa. Siku moja alipita kwa wahunzi akasikia kwamba chuma cha kwanza kiliyeyushwa na kiwete asiye na ukoo. Akapita kwa wafinyanzi akasikia kwamba chungu cha kwanza kilifinyangwa na mjane mwenye kiu. Kwa wachemsha chumvi akasikia habari za punda. Akarudi kwake hana raha. "Hadithi zote hizo," akasema, "hata punda yumo, ila mimi simo?"

Akamwita Mihambo, msimulizi wa ikulu. Mimi sikuja hapa kumtukana Mihambo. Kusimulia ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kazi humfinyanga anayeifanya. Alikula kwa Mtemi, alivaa kwa Mtemi, na hadithi zake zote zilikuwa zimejifunza kurudi kwa Mtemi kama ng'ombe wanaolijua zizi lao. Sauti alikuwa nayo, lazima tuseme haki. Akatunga hadithi moja ya kumeza zote. Akasema babu yake Mtemi ndiye aliyeileta chumvi, akakivumbua chuma, akawafundisha nyuki adabu. Siku ya vyungu, alichimba udongo asubuhi, adhuhuri akawa amekwisha kufinyanga, alasiri akawasha moto, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanakula ugali. Zile siku tisa alizijua, maana mama yake alizisikia kwa wafinyanzi akamsimulia. Alijaribu kuzitia, lakini Mtemi alipiga mwayo katika siku ya tatu, naye akazikata. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ile ilikuwa fupi kweli.

Amri ikatoka. Hadithi ni hiyo moja. Atakayesimulia nyingine ataondolewa kwenye kazi yake: mhunzi asisogelee tanuri, mfinyanzi asikanyage shimo la udongo. Na watu wetu wakakubali. Ndiyo, walikubali, msinitazame hivyo. Waliogopa. Mfinyanzi asiye na udongo atakula nini? Kila mmoja akaimeza hadithi yake ikakaa tumboni, na mitaani ikabaki ya Mihambo.

Miaka ikaenda. Wajumbe wa Mtemi walikuwa wamekulia ndani ya hadithi ile, wakaiamini kama wanavyoliamini jua. Wakaanza kuja kwa wafinyanzi asubuhi na kutaka vyungu jioni. Mwanamke akisema bado havijakauka, anajibiwa, "Babu yetu alichoma siku ileile. Nyinyi uvivu wenu umetoka wapi?" Akianza kuhesabu siku kwa sauti, anaambiwa anasimulia hadithi iliyokatazwa. Vyungu vikawa vinapasuka. Wakaambiwa wana mikosi.

Sasa palikuwa na mfinyanzi mmoja, jina lake Nyamizi, mjane, mwenye maneno machache na magumu. Mwanawe alikuwa ameoa binti aitwaye Nshoma, na Nyamizi akampenda mkwe wake kuliko alivyompenda huyo mwana. Siku moja Nyamizi hayupo, amekwenda kuzika kwao, mjumbe akafika akataka chungu kikubwa cha karamu. Nshoma alikuwa amekifinyanga jana yake. Akasema kingali na maji. Mjumbe akasimama palepale, mikono kiunoni, akaisema hadithi ya babu wa Mtemi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akamwamuru awashe moto. Nshoma akawasha. Akainama kusogeza kuni, chungu kikapasuka, kigae kikamwingia jicho la kushoto. Likaharibika kabisa.

Mngedhani wangemwonea huruma. Wapi! Ikulu ikatoa hukumu kwamba hadithi haikosei, kwa hiyo aliyekosa ni binti. Mikono yake ina uchafu, imekitukana chungu cha babu wa Mtemi. Afukuzwe Isangwe kabla ya mvua, aende anakojua yeye na jicho lake moja. Nikifika hapa hasira hunipanda hadi leo, na ni kale ya kale.

Nyamizi alirudi kutoka msibani akayakuta hayo. Hakulia. Aliketi akamshika Nshoma mikono, akaigeuza, akaitazama. Kisha akaondoka na matope yake kwenye kanga hadi barazani kwa Mtemi, siku ambayo watu wa kazi zote walikuwa wamekusanyika.

"Mtemi," akasema, "mkwe wangu mikono yake ni safi. Kilichompasua jicho ni hadithi yako."

Watu wakashika vinywa.

"Mama," akasema Mtemi, "unajua unasema na nani?"

"Nakujua, baba. Nakujua tangu unaogeshwa kwenye chungu alichokifinyanga mama yangu. Kilikauka siku tisa ndipo kikachomwa, ndiyo maana hukuangukia kitako."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, na kicheko kikishatoka barazani hakirudi. Mtemi akamwambia atalipoteza shimo la udongo kwa maneno hayo. Nyamizi akasema shimo amekwisha kulipoteza tangu siku walipomkataza kuhesabu. "Ninaomba jambo moja tu. Mihambo huyu hapa. Hadithi ni yake na mikono yake ni safi, hula pamoja na wewe. Naomba afinyange chungu leo na akichome leo, kama babu yako. Kikitoka kizima, mfukuze mkwe wangu na unifukuze na mimi."

Mtemi angekataaje mbele ya watu wote? Akitaka hadithi yake isijaribiwe ni sawa na kusema haiamini. Akaagiza udongo uletwe.

Mihambo akashuka chini, nguo zake nzuri amezikunja magotini. Maskini, alikuwa hajawahi kushika udongo tangu alipoacha kuuchezea utotoni. Akalipiga lile bonge, likamkalia upande. Akalivuta, likalala. Wanawake waliumauma midomo. Hatimaye kikasimama kitu ambacho ukikiona kwa mbali na ukiwa na hisani utakiita chungu. Alasiri wakawasha moto kama hadithi inavyosema.

"Sogeeni nyuma," Nyamizi akawaambia watu. Wafinyanzi wote walikuwa wamekwisha kusogea. Mihambo peke yake alibaki karibu, kwa kuwa katika hadithi yake babu wa Mtemi alisimama karibu. Nyamizi akamshika nguo akamvuta kwa nguvu, na hapohapo chungu kikapasuka, vigae vikapita pale alipokuwa amesimama. Mihambo akakaa chini.

Ndipo Nyamizi akamgeukia Mtemi. "Haya. Ama huyu naye mikono yake ina uchafu, na ndiyo mikono inayokula nawe sahani moja, ama mikono ni safi na hadithi ndiyo chafu. Chagua, baba. Sisi tunangoja. Kungoja ni kazi yetu."

Mtemi akavitazama vigae. Kabla hajachagua akasimama Kapela, mzee wa wahunzi, mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kubisha. "Hadithi inasema chuma kiliyeyuka kwa kuni," akasema. "Uongo. Ni mkaa." Akaketi. Wahunzi ndivyo wanavyosema, nimewaambia. Akasimama bibi mmoja wa chumvi, akaanza yake, akazunguka, akarudi, akazunguka, na alipomaliza ilikuwa wazi kwamba chumvi ya babu wa Mtemi ilikuwa mchanga mtupu. Warina asali nao wakanong'ona, na watu wakanyamaza ili wawasikie. Kumbe kila kazi ilikuwa inajua mahali pake uongo ulipo. Kila mmoja alikuwa anadhani uongo uko kwake tu, kwingine ni kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ikulu haikuwahi kulala kitanda chochote kati ya hivyo.

Mtemi Lubeja akainuka, akaingia ndani. Hakutangua amri na hakuirudia. Yule mjumbe aliyepewa kazi ya kumfukuza Nshoma alipotafutwa, ilisemekana anaumwa tumbo, na wa pili naye akaumwa, na wa tatu. Asubuhi yake Nyamizi alichukua jembe akaenda kwenye shimo la udongo alilotishiwa kunyang'anywa. Nyuma yake walikwenda wafinyanzi wote wa Isangwe, vizee na wachanga, na wengine waliokuwa si wafinyanzi kabisa ila wamechoka. Mlinzi wa shimo alitazama ule msafara, akakumbuka kwamba ana kuku wa kulisha.

Wakachimba. Kisha wakasema leo hadithi isimuliwe, ile yetu, na isimuliwe kwa sauti. Wakamtazama Nyamizi. Nyamizi akamsukuma mkwe wake mbele.

Nshoma alisimama, kitambaa kimefunika jicho. Alikuwa mgeni wa ndoa katika nchi ile, kijana, na wiki nzima alikuwa ameambiwa mikono yake ni michafu. Hakujua aanze na neno gani. Basi kabla hajasema lolote akainua viganja vyake akawaonyesha watu wote, upande huu na upande huu. Udongo ulikuwa umejaa kwenye mistari, na vidole vina alama za moto. "Tazameni vizuri," akasema. "Nasema nilichokishika." Kisha akaanza, na alipofika kwenye kungoja akahesabu siku zote tisa, na hakuna aliyepiga mwayo.

Na Mihambo je? Alikuja kwa Nyamizi baada ya mwezi akaomba kufundishwa. Alifinyanga vyungu vibaya mpaka alipokufa, lakini hadithi zake zikawa nzuri kuliko za mwanzo, na ndefu.

Na tangu siku hiyo, katika nchi yetu, mtu akitaka kusimulia, watu humwambia, "Viganja!" Naye huviinua. Mhunzi ana sugu zake, mrina asali ana makovu ya miiba ya nyuki, wa chumvi ana nyufa. Hata mwimba sifa wa ikulu hatumkatazi. Naye ana kazi, asimulie habari za koo lake na karamu alizokula. Tunachokataa ni yeye kutusimulia moto wetu. Ndiyo maana pia hadithi zetu hazipatani. Mhunzi atakwambia dunia ilianza kwa moto, wa chumvi atasema kwa maji, mimi nitakwambia kwa udongo, na ole wake anayetaka kutupatanisha. Akae na kila mmoja afanye kazi yake mwaka mzima, halafu arudi tuzungumze.

Mwaka huu walikuja vijana wawili na kamera kubwa, wanatengeneza filamu. Watoto wazuri, wana heshima, waliniamkia vizuri. Wakaniambia, "Bibi, tunaipenda sana hadithi ya Nshoma, ila zile siku tisa hatuwezi. Mtazamaji atakimbia. Tutaonyesha anafinyanga, halafu moto."

Nikawaambia, "Viganja."

Wakacheka, wakaviinua. Laini. Nikachukua bonge la udongo nikampa mkubwa wao, nikamwambia afinyange chungu, akiweke kivulini. Akakunja mikono ya shati, akaanza. Mwenzake akatazama saa yake, akaniuliza, "Sasa bibi, kupiga picha tutaanza lini?"

Nikamwambia, siku ya kumi.