Shangazi Aliyekaukiwa na Sauti

Pale Mombasa, Bwana Feruzi alitajirika kwa kuwatunzia wafanyabiashara data zao kwenye mitambo yake, na maduka ya kupangisha pia alikuwa nayo. Mishi, mpambaji wa maharusi, alikuwa mpangaji wake.

"Data za wateja wako nitunze mimi," alimwamuru, "ama uhame dukani kwangu."

Mishi akaja ofisini na shangazi yake aliyevaa nikabu. "Mwie radhi, Bwana, sauti imemkauka."

"Karibuni! Kwangu hata sisimizi hapenyi."

"Maneno matupu hayo. Mpinzani wangu, Bi Zuwena, si mteja wako? Hebu nionyeshe maharusi wake, nijue kweli kazi unaiweza."

Feruzi aliona mteja anamponyoka. Akabonyeza, na skrini ikajaa maharusi wa Bi Zuwena: majina, simu, hata mzee fulani aliyemwagizia mke wa pili hina kwa siri.

"Mashaallah! Na siri hizi hazitoki?"

"Wallahi hazitoki nje ya chumba hiki!"

"Shangazi, umesikia?"

Shangazi akavua nikabu. "Nimesikia," akasema Bi Zuwena, kwa sauti iliyotikisa madirisha.

Jasho likamtiririka Feruzi. "Jamani, yasifike mjini haya! Mnataka nini?"

"Mimi nahamisha data zangu leo hii."

"Na mimi," akasema Mishi, "nabaki dukani kwangu."

"Lakini mtazipeleka kwa nani?"

"Kwa Bi Tima, mtunza data wa mtaa wa pili. Asubuhi tulimwomba hayo hayo, akatutimua kwa ufagio!"