Kwa Nini Gamba la Bi Kigae ni Jembamba

Ilikuwa siku ya kwanza ya jua baada ya miezi mitatu ya giza, saa nne na robo asubuhi, Bi Kigae alipomsikia mumewe, Bahari ya Kusini, akimwambia mke mdogo, "Chembe, leo umenawiri." Yeye hakuwahi kuambiwa hivyo.

Wake wote wawili walikuwa vijimea vya baharini, wadogo wasioonekana kwa macho ya mtu, wakiishi kwa mwanga. Lakini Bi Kigae alikuwa na umbo, tena alivaa gamba nene la kioo. Mumewe alimpandishia chakula kutoka kilindini, na uduvi walikula kwake vizazi na vizazi. Chembe alikuwa punje tu, makombo yalimtosha.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa mke mkubwa ndiye hupokea wageni. Mchana huo wakafika wawili kutoka kaskazini, Joto na Ukaa, ile hewa itokayo kwenye moshi.

"Nitakuondolea barafu, bibi," alisema Joto. "Mwanga wote uwe wako."

"Nami ni chakula," alisema Ukaa. "Utanenepa."

"Na mwenzangu?" aliuliza Bi Kigae.

"Yule? Kwa kinywa kidogo kile?" alisema Ukaa.

Bi Kigae alicheka mpaka gamba likalia. Siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Yeye aliwatandikia upya.

Kweli alinenepa, na mumewe akamsifu. Kisha Joto akatandaza maji ya vuguvugu juu ya maji baridi kama mkeka, na Bahari akashindwa kupandisha chakula. Ukaa naye akayatia maji ukakasi, na kila gamba jipya likatoka jepesi kuliko lililopita. Mwili mkubwa ukashinda na njaa. Chembe, ambaye hakuhitaji mengi, akajaa nyumba nzima.

Siku moja uduvi wakapita bila kugeuka. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Sisi tunapita tu."

Na tangu siku hiyo gamba la Bi Kigae ni jembamba, wageni hawajaondoka, na uduvi, wasioweza kushiba punje za Chembe, huzidi kusogea kusini wakitafuta chakula. Bi Kigae mwenyewe hakulala usiku wa siku ile. Asubuhi iliyofuata alikwenda hadi mlangoni kwa Chembe, akasimama, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yake mwenyewe akapiga hodi.