Ufunguo wa Maktaba Iliyofurika

Hapo zamani, nanyi msinikatize hadi nifike mwisho, palikuwa na mji mdogo chini ya milima, na mji ule ulikuwa na maktaba. Msimamizi wake alikuwa Bi Nakijwa. Vitabu alivikusanya mwenyewe, akiomba shule hadi shule, kanisa hadi msikiti. Kilichochanika alikishona kwa mkono wake.

Msaidizi wake, Bwana Kihiyo, alikuwa mtu wa "chukua tu, utarudisha." Aliwaazima watu vitabu, kisha akasahau.

Masika yalipokaribia, Bi Nakijwa akaagiza vitabu vyote virudishwe, vipigwe dawa ya mchwa. Watu wakarudisha. Mtaa wa sokoni ulikuwa wa Kihiyo kuupitia, lakini Kihiyo hakwenda. Huko aliishi Mama Sangiwa, muuza nyanya, ambaye kila jioni aliwasomea watoto wa mtaa vitabu alivyoazimwa na Kihiyo. Bi Nakijwa akamfuata mwenyewe.

"Watoto hawajamaliza," akasema Mama Sangiwa. "Sirudishi!"

"Basi wewe ni mwizi!"

Masika yakaingia, mto uliopita kando ya mji ukafurika. Ukafika mahali ambapo haukuwahi kufika. Maktaba ikajaa tope, vitabu vikawa uji. Maji yakaingia na kwa Mama Sangiwa. Akaacha godoro, akaacha mahindi, akajitwika vitabu hadi mlimani.

Maktaba mpya ikajengwa. Mwenyekiti wa mji akasema mbele ya watu: "Bi Nakijwa, umetupotezea maktaba. Bwana Kihiyo, vilivyopona ni vile ulivyoviazimisha wewe. Pokea ufunguo."

Bi Nakijwa akasimama. "Nafukuzwa kwa kufanya kazi! Mto ungepita njia yake ya siku zote, leo huyu angewajibu nini kuhusu vitabu visivyorudi? Uzembe umegeuka busara kwa kuwa mvua imenyesha?"

"Mto sikuuleta mimi," akajibu Kihiyo. "Wewe uliwabana watu, mimi niliwaamini."

"Uliwaamini? Ulisahau!"

Mama Sangiwa akapenya katikati ya umati. "Na mimi je? Huyu kaniita mwizi, yule hata hakumbuki kuwa aliniazima! Mnasema mto, mnasema mvua, kana kwamba ni bahati tu. Bahati ina kichwa cha kujitwika? Wanangu walilala njaa ili vitabu vyenu vipone, na leo hakuna hata aliyenipa kiti!"

Watu wakazomea, kila upande na wake. Mwenyekiti akabaki na ufunguo mkononi.

Haya, ninyi mnaoguna hapo: mngempa nani ufunguo ule?