Kanga Aliyekataa Kuketi

Penye wengi walokaa, mmoja alisimama;
Neno lake likang'aa, bonde zima likavuma.

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Na ainuke mwenye swali!"
"Na mwenye jibu ajiandae!"

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na chuo. Chuo hicho hakikuwa na mlango wala kuta. Kilikuwa na jiwe bapa kando ya bwawa. Mhadhiri alipanda juu ya jiwe, wasikilizaji wakasimama chini. Mwenye shahada alikuja, asiye na shahada alikuja, mradi awe na masikio na hamu ya kujua.

Nao walikuwa na desturi yao. Aliyeridhika na mhadhara aliketi. Asiyeridhika alibaki wima. Wote wakiketi, neno limepita, na bonde zima hulifuata. Akibaki mmoja amesimama, hata awe sisimizi, neno halijapita. Sharti kwanza ajibiwe.

Sikilizeni sasa, wadogo kwa wakubwa.

Juma moja palikuwa na mihadhara mitatu. Siku ya kwanza alipanda Mzee Bundi, mhadhiri wa falsafa. Jicho moja limefumba, jingine limefumbuka. Akasema, "Shaka ni mlango wa maarifa." Wakaketi.

Siku ya pili alipanda Kasuku, mhadhiri wa uandishi wa habari. Akasema, "Habari ya mdomo mmoja ni uvumi. Tafuteni mdomo wa pili." Wakaketi.

Siku ya tatu alipanda Profesa Nyani, bingwa wa hesabu. Alishika ufito wenye alama. Hakucheka. Hakujikuna.

"Ndugu zangu," akasema, "bwawa letu linakufa. Juzi nilitumbukiza ufito huu majini, nikapata shibiri kumi na tatu. Jana nikautumbukiza, nikapata kumi na mbili. Imepungua shibiri moja kwa siku moja. Kumi na mbili gawanya kwa moja ni kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili, bwawa ni vumbi. Tuhame kesho asubuhi!"

Hofu ikaingia. Wakaketi. Pu! Nyati. Pu! Ngiri. Pu! Twiga, naye Twiga kuketi ni safari. Kasuku akaruka juu ya pembe ya Nyati, akatangaza kwa sauti ya kuchana anga, "Habari za sasa hivi! Bwawa linakufa! Bwawa linakufa!"

Wote wakaketi. Wote, isipokuwa mmoja.

Mmoja huyo alikuwa Kanga. Kanga alikuwa na mayai kumi na moja katika kiota chake, pale pale ukingoni mwa bwawa. Yalibakiza siku kumi na nane kuanguliwa. Yai halina miguu. Bonde likihama, ama Kanga ahame ayaache, ama abaki nayo peke yake, yeye na Kicheche mla mayai, na Kicheche hana haya.

"Bi Kanga," akasema Profesa Nyani, "hesabu huioni?"

"Naiona, Profesa. Lakini bado nimesimama."

Ngiri akafoka kutoka nyuma, "Huyu hasimamishwi na elimu! Anasimamishwa na mayai!"

Wakacheka. Kwa! kwa! kwa!

"Ni kweli, kaka Ngiri," akajibu Kanga. "Ni mayai. Mwenye mayai hupima neno mara mbili."

Kicheko kikakatika.

Kanga akamgeukia Kasuku. "Bwana Kasuku, habari hii umeipata kwa nani?"

"Kwa Profesa Nyani."

"Na mdomo wa pili?"

Kasuku akapanga manyoya yake. Akayapanga tena. "Nilimuuliza Profesa Nyani mara ya pili."

Kwa! kwa! kwa! Safari hii hata Twiga alicheka, na kicheko cha Twiga kilichukua muda kupanda shingo.

"Kaa chini, mama!" akasema Nyati. "Tuna mizigo ya kufunga. Watu wazima wamekwisha ridhika."

"Samahani, mzee wangu. Bado nimesimama."

Mzee Bundi akafumbua jicho la pili. "Desturi ni desturi. Ajibiwe."

Kanga akasogea mbele. "Profesa, juzi ulipima saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na jana?"

"Alfajiri. Jua la mchana linaniunguza pale pasipo na manyoya."

"Na juzi, hiyo saa sita mchana, nani alikuwa ndani ya maji?"

"Mimi ni mwanahesabu, Bi Kanga. Siandiki majina ya waogaji."

"Basi nitakusomea mimi, kwa kuwa kutwa nzima nimelalia mayai pale na sina pa kwenda. Kila siku saa sita Bibi Tembo huingia bwawani na binti zake sita. Wakiingia, maji hupanda mpaka kiotani na kunilowesha vidole. Wakitoka, vidole hukauka. Juzi ulipima maji yakiwa na Tembo. Jana ulipima maji yasiyo na Tembo."

Wote wakamgeukia Profesa Nyani.

Profesa Nyani akatabasamu nusu. "Vidole vya kanga si kipimo cha kitaaluma."

"Sawa, Profesa. Ufito unao. Bwawa lile pale. Saa sita bado haijafika."

Wakainuka wote, wakashuka ukingoni. Wakasukumana. Wakakanyagana. Profesa Nyani akatumbukiza ufito. Chubwi! Akautoa. Akatazama. Akageuza ufito, akatazama upande wa pili.

"Soma, Profesa," akasema Mzee Bundi.

"Kumi na mbili."

"Jana?"

"Kumi na mbili."

"Na kwa hesabu yako, leo ilipaswa kuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

Minong'ono ikapita kama upepo katika nyasi. Ngiri akaanza kusogea upande wa Kanga, kisha akasita. "Labda maji yamepumzika leo," akasema. "Kesho yatapungua kwa haraka."

Hata hivyo Kanga alibaki wima. "Nami sitaki mniamini nusu nusu. Bibi Tembo, nakuomba, mama. Ingia."

Bibi Tembo alikuwa amesimama nyuma ya wote. Akaona haya. "Jamani! Nioge mbele ya chuo kizima?"

"Kwa ajili ya elimu, bibi."

"Haya basi. Mabinti, nifuateni. Wengine mtazame ufito, msinitazame mimi."

Di! di! di! Wakashuka. Chubwi! Bibi Tembo. Chubwi! Binti wa kwanza. Chubwi! chubwi! chubwi! chubwi! chubwi! Saba ndani. Maji yakapanda. Yakapanda ukingo, yakapanda majani, yakagusa vidole vya Kanga. Profesa Nyani akatumbukiza ufito.

"Kumi na tatu!"

"Tokeni, mama zangu!" akaita Kanga.

Di! di! di! Wakatoka. Maji yakashuka. Ufito ukazama.

"Kumi na mbili!"

Bonde likavuma! Nyati akapiga kwato. Twiga akatikisa shingo. Kasuku akaruka juu, akafungua mdomo, akaufunga, akashuka kwa Bibi Tembo. "Samahani, bibi. Wewe ni mdomo wa pili. Je, ni kweli bwawa haliko hatarini?"

"Bwawa ni zima, mjukuu wangu. Mnene ni mimi."

Ndipo Kasuku akatangaza, na tangazo lake likafika milimani na kurudi.

Profesa Nyani alishika ufito kwa mikono miwili. Akasema polepole, "Hesabu yangu haikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa hata moja, Profesa," akasema Kanga kwa heshima. "Uligawanya vizuri. Kosa lilikuwa majini, kabla hujaanza kugawanya."

Nyani akamtazama. Akautazama ufito. Akautoa, akampa Kanga. "Panda juu ya jiwe, mwalimu. Tulichokiona leo ni mhadhara wa sayansi, na mhadhiri ni wewe."

Kanga akapanda. Mzee Bundi akauliza mara tatu, kama ilivyo desturi, "Yuko asiyeridhika?" Neno likapita. Mizigo ikafunguliwa. Hakuna aliyehama. Na baada ya siku kumi na nane, pale ukingoni, yai la kwanza lililia kacha! Likafuata la pili, hata yakatimia kumi na moja.

Funzo ndilo hili, wadogo kwa wakubwa: wingi wa waliokubali si ushahidi. Hesabu safi juu ya kipimo kibovu huzaa uongo ulionyooka. Mwenye swali asitiwe haya, na asione haya. Aulize mpaka ajibiwe.

Ngano yangu imefika ukingoni, naishusha hapa. Aliyeipenda na aibebe.

Na siku ile bwawani aliketi Nyati, akaketi Ngiri, akaketi Twiga, akaketi Kasuku, akaketi Mzee Bundi, akaketi Bibi Tembo na binti zake sita, na mwisho wa wote akaketi Profesa Nyani. Aliyebaki amesimama ni Kanga, juu ya jiwe.