Fungu la Bibi

Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, maana hadithi yangu ina habari za kutafuna na sitaki kuchanganyikiwa. Mimi nina mwanzo na katikati tu. Mwisho mtanipa nyinyi.

Palikuwa na mfinyanzi wa milimani aitwaye Nakijwa, mjane mwenye mabinti watatu, na kila binti alizaliwa na lake. Mbonea, wa kwanza, alikuwa na sikio. Nong'ona siri jikoni, naye yuko shambani, ameshaisikia. Namkunda, wa kati, hakuwa na woga. Tangu utotoni alizungumza na wafu kama mtu anavyozungumza na jirani. Chiku, wa mwisho, alikuwa na mkono wa jikoni. Angekupikia magugu ukaomba uongezwe.

Nakijwa mwenyewe alikuwa na jiwe. Jiwe jeusi la kulainishia vyungu, la kujaa kiganja, ambalo wafinyanzi wa nyumba ile walirithishana mmoja kwa mmoja. Aliye na jiwe ndiye mfinyanzi, wengine wote ni wachota udongo.

Basi mikono ya Nakijwa ikaanza kujifunga. Asubuhi anaamka vidole vimevimba na kukunjika, havifunguki mpaka jua lipande. Magoti nayo hivyo hivyo, na kiuno. Wakampeleka zahanati, daktari akasema ni ugonjwa wa viungo, mwili wenyewe ndio unaovishambulia, akampa dawa. Dawa zikasaidia, tusiwe wezi wa fadhila. Maumivu yalipungua sana, lakini asubuhi mikono iliendelea kufumba, na mfinyanzi asiye na mikono amebaki na nini? Nakijwa akawaita wanawe. "Atakayenifungulia mikono hii," akasema, "jiwe ni lake." Alilia aliposema hivyo, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuahidi.

Mbonea akaanza. Asubuhi alilaza sikio juu ya kiwiko cha mama yake, kisha juu ya vidole, akasikiliza. Akasikia kutafuna. Si mifupa kukwaruzana, la. Kutafuna kwa mtu mzee asiye na haraka, polepole, ndani ya viungo vya mama. Hakukimbia. Akawa anarudi kusikiliza kila kulipokucha, akilinganisha na kilicholiwa jana yake. Mama akila ugali mwingi, au magimbi, au ndizi za kupika, kutafuna kunazidi. Aliposhikwa na homa akawa anakunywa supu tupu, kukawa kimya. Na hakukuwa na wakati kulipozidi kama asubuhi, mama akishakula fungu la bibi.

Hapo niwaeleze vizuri. Katika nyumba ile, kila jioni tonge la ugali wa muhogo lilitengwa kwenye kisahani kando ya mafiga kwa ajili ya marehemu mama mkwe wa Nakijwa. Asubuhi halitupwi, wala halipewi kuku. Mkwe analila, kavu, bila mboga, mpaka liishe, kwa kuwa wafu hawana meno na mkwe ndiye meno yao. Nakijwa alifanya hivyo tangu msiba. Mikono ilipoanza kujifunga, akadhani bibi hajashiba, akaongeza tonge. Mikono ikazidi, akaongeza tena. Msicheke, mngefanya vilevile.

Chiku akashika jiko. Akaondoa ugali, magimbi, viazi na ndizi, akaleta mlenda, mchicha, samaki, mayai, maparachichi, na kuku siku akipatikana. Lakini mtu wa milimani asipokula ugali anajiona hajala. Nakijwa alinuna, akamwita mwanawe mchawi, akaenda kwa jirani akala kiporo kwa kujificha, na asubuhi yake hakuweza hata kufunga kanga. Chiku hakumsema. Alikula kile kile alichokula mama, akamkumbusha dawa za zahanati, akabuni mapishi mapya kila uchao, mpaka mama akanyoosha bakuli mwenyewe akiomba nyongeza. Lakini fungu la bibi Nakijwa hakuthubutu kuliacha.

Ndipo asubuhi moja Namkunda akakiwahi kisahani kile, tonge likiwa bado juu yake, na adhuhuri, jua utosini, akaenda nacho migombani nyuma ya nyumba, kaburini. Akasema, "Bibi, mama hatakula tena fungu lako." Majani ya migomba yakatulia yote kwa pamoja. Kuku wakanyamaza. Kisha sauti ikatoka karibu, karibu mno, nyuma ya shingo yake.

"Nani atakuwa meno yangu?"

Namkunda hakugeuka. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi, bibi." Kisahani kikawa kizito mkononi mwake. Akarudi nacho nyumbani, akakaa kando ya mafiga, akala lile tonge kavu mpaka likaisha, na kuanzia hapo akawa analila kila asubuhi.

Taratibu mikono ya Nakijwa ikalegea. Siku moja akaamka akajikuta anakuna kichwa kwa vidole vilivyonyooka, akabaki anaviangalia. Daktari alifurahi, akamwambia asiache dawa, na kwamba chakula cha namna ile humfaa mmoja na mwingine kisimsaidie kitu. Nami nasema hivyo hivyo. Asije mtu kesho akamnyima bibi yake ugali, akasema nimemtuma mimi.

Nakijwa akafinyanga chungu, akakichoma, hakikupasuka. Basi akawaita wanawe asubuhi, akaliweka jiwe juu ya mkeka. Mbonea akasema bila sikio lake mama angekuwa bado anaongeza matonge. Chiku akasema kujua si kula, na bila yeye mama angekuwa kwa jirani kwenye kiporo. Namkunda akasema bila yeye fungu lingekuwa pale pale kwenye mafiga, likimsubiri mama. Wote walisema kweli, na hakuna aliyembishia mwenzake.

"Nyoosheni mikono," mama akasema, "nione kiganja kinacholifaa."

Cha Mbonea kikafunguka. Cha Chiku kikafunguka. Cha Namkunda kikafunguka pia, ila kidole kidogo kilibaki kimekunjika. Akacheka, akasema ni baridi ya asubuhi tu. Mbonea akainamisha kichwa kuelekea kwa mdogo wake, kama anayesikiliza, na uso ukambadilika.

Nakijwa akakitazama kile kidole, akakitazama kisahani kando ya mafiga, kina makombo ya asubuhi ile. Akaliokota jiwe, akalifumbata. Wanasema mpaka leo bado amelifumbata, na mabinti bado wamekaa mkekani.

Sasa nyinyi. Jiwe limwendee aliyesikia, au aliyepika, au aliyejitoa, ambaye huenda kesho asiweze kulishika? Na kama atapewa Namkunda, akahitaji vidole vyake vyote, ni nani kati ya waliobaki atakayekula lile tonge? Kwa maana bibi anasubiri, na jioni inakuja.

Je, wewe ungempa nani? Jibu. Lakini kabla hujajibu, hebu nyoosha vidole vyako nivione.