Zimwi Lililomeza Wimbo

Sogeeni, hadithi imefika, ikaribisheni.

Mwatime, mpiga zeze, alifukuzwa na kikundi chake. Kesho yake mfalme akakiita kikundi, sifa zikavuma. Mwatime akaenda kwa zimwi, wivu umemkaba.

"Wameze wenzangu!"

"Wamekonda, bibie."

"Meza ngoma zao!"

"Zitanikwama."

"Basi meza wimbo wanaosifiwa. Niliutunga mimi!"

Zimwi likaumeza. Mbele ya mfalme kikundi kikakosa la kuimba, kikatimuliwa. Mwatime akacheka, akashika zeze aimbe yeye. Wimbo haukutoka. Ulikuwa ukiimba tumboni mwa zimwi, mtamu kuliko mwanzo.

Sasa zimwi ndilo linaloalikwa harusini. Mwatime huchungulia dirishani, akilia, "Wimbo wangu huo!"

Hadithi imekwenda zake. Mwenye wivu aifuate.